Kipimo Kinachokosekana: Namna ya Kutoa na Kupokea Maoni kuhusu Picha za Wanaojifunza

Ukali au upole?

Kijana wa Wampembe, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, akipiga picha ya mitumbwi inayorudi alfajiri na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, majibu huja ya namna mbili. Wengine humwaga alama za moyo na kumwambia "umetisha". Wengine huuliza "hii nayo ni picha?" na kupita zao. Yeye hubaki palepale: hajui kilichowapendeza hao wa kwanza, wala kilichowaudhi hao wa pili. Kesho yake atapiga picha ileile kwa namna ileile.

Hali hiyo haiko Wampembe peke yake. Iko Kirando, Namanyere, Sumbawanga mjini na popote penye watu wanaojifunza kupiga picha kwa simu bila mwalimu. Imezaa mabishano yanayowachanganya wengi. Kuna wanaosema anayeanza atiwe moyo tu, makosa atayaona mwenyewe akikua. Kuna wanaosema asiyeambiwa ukweli mapema hataambilika tena. Wengine hutaka hesabu ya kura iamue, na wengine hutaka maswali yatangulie hukumu. Na wapo wanaoamini kwamba hakimu wa kweli ni yule aliyepigwa picha.

Kila upande una hoja. Uchambuzi huu unazipitia moja moja, lakini unashikilia jambo moja tangu mwanzo: mabishano ya ukali na upole yamefunika tatizo lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba wanaotoa na wanaopokea maoni hawana kipimo wanachokishiriki. Pasipo kipimo, upole huwa maneno matamu yasiyofundisha, na ukali huwa dharau isiyofundisha.

Usuli: zamani gharama ilikosoa

Ili kuelewa utata wa leo, tuanze na swali la nani alikuwa akizihukumu picha kabla ya simu. Katika miji ya pwani jibu liko wazi: mteja. A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1860. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa hukohuko mwaka 1930. Mtu aliingia, akapigwa, akalipa, akaichukua picha au akaikataa. Mpiga picha aliyekataliwa mara nyingi alifunga duka au alibadilika.

Bara mambo yalikuwa tofauti. Picha nyingi za kale za watu wa nyanda za juu na mwambao wa Ziwa Tanganyika zilipigwa na maofisa wa kikoloni, wamisionari na wasafiri, zikaenda kutazamwa Ulaya. Waliopigwa mara nyingi hawakuulizwa wametokeaje, na wengi hawakuziona kabisa. Hivyo wapo watu ambao sura zao zilitolewa maoni na kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Historia hiyo ina uzito, na tutairudia tutakapofika kwenye haki za aliyepigwa picha.

Halafu ikaja enzi ya filamu mikononi mwa watu wa kawaida. Filamu ilikuwa na picha 24 au 36, basi. Kwa mtu wa mwambao, filamu iliyokwisha ilikuwa na safari ndefu: ama ipande milima hadi Sumbawanga, ama isafiri kwa meli ya Liemba hadi Kigoma, ikasafishwe na kurudi. Picha iliyotikisika au iliyoungua ililipiwa sawasawa na ile iliyotoka vizuri. Fedha iliyopotea ilimlazimisha mtu ajiulize alikosea wapi. Gharama yenyewe ilikuwa mkosoaji, tena mkosoaji asiyependelea.

Simu iliondoa gharama hiyo. Leo mtu hupiga picha mia bila kulipa chochote, hufuta zisizompendeza bila kujiuliza sababu, na hurusha moja kwa watu wengi papo hapo. Hii ni neema kubwa, maana imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kamwe kununua kamera na filamu. Lakini shinikizo la kujifunza kutokana na kosa limeondoka pamoja na gharama, na mahali pake pamebaki maneno ya watu. Ndiyo maana ubora wa maneno hayo una uzito leo kuliko wakati wowote uliopita.

Msimamo wa kwanza: sifa kwanza, kasoro baadaye

Wanaotetea sifa wana hoja nzito ya kijamii. Kijiji cha mwambao ni mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu. Anayekukosoa leo ndiye mtakayevuta naye wavu kesho, au ndiye shemeji yako. Neno moja la dharau mbele ya watu hukaa miaka. Isitoshe, wengi wanaoanza ni wale ambao jamii haijawazoea wakiwa na kamera, hasa wasichana, na wao huacha haraka wakichekwa. Sifa huwafanya wabaki, na bila kubaki hakuna kujifunza.

Udhaifu wake ni kwamba sifa tupu haibebi habari yoyote. "Nzuri sana" haimwambii mtu arudie nini. Methali ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji ilikwisha kuliona hilo, na utafiti umeongeza jambo la kuangaliwa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa shule nchini Marekani. Watoto waliosifiwa kuwa wana akili walielekea kuchagua kazi rahisi, na waliposhindwa walilegea kuliko wale waliosifiwa kwa juhudi zao. Kwa mpiga picha, tofauti ni kati ya kuambiwa "una kipaji" na kuambiwa "ulivyosubiri mpaka yule mama akageuka, uso umepata mwanga". Maneno yote mawili ni sifa, lakini la pili linamwachia kitu cha kufanya tena.

Msimamo wa pili: fundi asemee kanuni

Upande wa pili unasema picha ina kanuni zake, na anayezijua ana wajibu wa kusema. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba kasoro za kiufundi zinaonekana na kila mtu akishaonyeshwa. Mstari wa ziwa umeinama. Miguu imekatwa kwenye vifundo. Mlingoti unatokea utosini mwa mtu. Picha imetikisika kwa sababu mkono ulikuwa mmoja na mwanga ulikuwa mdogo. Hakuna anayehitaji kuamini kwa imani. Anatazama na kukubali au kukataa.

Waswahili wana mfano wao wa ukosoaji wa namna hiyo uliofanya kazi kwa miongo. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi walikuwa wakijibizana na kusahihishana hadharani kwa vina na mizani. Mshairi aliyeambiwa mshororo wake umepungua mizani hakuwa na sababu ya kununa. Alihesabu, na mkosoaji wake alihesabu. Ukali ulivumilika kwa sababu kipimo kilikuwa cha wote. Hili ndilo linalokosekana kwenye picha: tuna wakosoaji, lakini hatuna mizani ya kuhesabia.

Mfano huohuo unaonyesha pia mpaka wa kanuni. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yake hayakufuata vina na mizani, na mabishano makali yakazuka. Kipimo kilichokuwa kimefaa kuhukumia kazi za wengine hakikutosha kwa kazi yenye kusudi jingine. Kwenye picha ni vivyo hivyo. Kanuni ya kugawa fremu sehemu tatu, ambayo wengi huitaja kama sheria, ilipewa jina na mchoraji Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797 alipokuwa akizungumzia michoro ya mandhari. Ni ushauri mzuri wa kuanzia. Haifai kuwa fimbo ya kumchapia mtu aliyemweka bibi yake katikati ya fremu kwa kuwa bibi ndiye kusudi la picha.

Udhaifu mwingine unahusu namna ukali unavyopokewa. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu maoni wanayopewa watu wanaofanya kazi au kujifunza. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalishusha utendaji badala ya kuuinua. Maelezo yao ni kwamba maoni huharibu yanapomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kuifikiria kazi. "Hujui kupiga picha" humtazama mtu. "Uso haujasomeka" huitazama picha. Tazama kwamba hoja hii inaikata pia sifa tupu: "una kipaji" nayo humtazama mtu.

Kosa la mtu au la mashine?

Msimamo wa kanuni una hatari moja inayostahili kusemewa peke yake, nayo ni kumtwika mpiga picha kosa la kifaa. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwa vyote vilivyo ndani ya fremu, kisha huuelekeza kwenye wastani, yaani kijivu cha kati. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, mashine huona mng'ao mwingi, hupunguza mwanga, na uso huwa giza. Mpiga picha hakufanya uzembe. Hakuambiwa tu kwamba mashine inahitaji kuongozwa.

Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Mabadiliko yalichochewa kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Katika miaka ya karibuni Tecno, ambayo simu zake zimeenea sana Afrika Mashariki, imejinadi kwa kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google nayo ilitoa simu iliyotangazwa kwa uwezo huohuo. Hali imeboreka, lakini simu nyingi zilizoko mikononi mwa watu ni za zamani au za bei ndogo.

Kuna pia kosa la njia. WhatsApp huibana picha inapoituma kwa kawaida, na maelezo madogo madogo hupotea. Mtu akikosoa uwazi wa picha aliyoipokea hivyo, anakosoa kivuli cha picha. Dawa ni rahisi: picha inayoombewa maoni itumwe kama faili, na anayeitazama aitazame kivulini, kwa kioo kilichoongezwa mwanga. Kuna pia hali ya hewa. Kiangazi, moshi wa mioto ya nyika hujaa juu ya nyanda za Ufipa, na kilele kinachotazama ziwa, zaidi ya mita 1,000 juu ya maji, hutoa picha ya kijivu hata kwa kamera ya bei mbaya. Kumwambia mtu "rangi zako zimefifia" mwezi wa Septemba bila kumtajia moshi ni kumpa nusu ya ukweli.

Msimamo wa tatu: hakimu ni aliyepigwa

Msimamo huu una mizizi mirefu katika studio za Afrika Mashariki. Omar Said Bakor wa Lamu alitengeneza picha za kuunganishwa, nyuso za watu zikiwa zimezungukwa na maua na mapambo. Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliweka nyuma ya wateja mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mkosoaji aliyetafuta uhalisia angeyaita mapambo hayo uongo. Wateja waliyalipia kwa furaha, kwa sababu walitaka kuonyesha wanakotamani kufika. Waliopigwa ndio waliojua picha ilikuwa ya nini.

Nguvu ya msimamo huu ni heshima. Mzee anayevaa koti lake na kusimama wima ameagiza picha ya mwili mzima, viatu vikionekana. Mkosoaji aliyezoea picha za magazeti anaweza kusema "amekakamaa, ungemsogelea". Kwa mzee, kumkata miguu kungekuwa kumpunguza. Nguvu nyingine ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka wazi kwamba taarifa zinazomtambulisha mtu si mali ya kuchezewa na yeyote aliyezipata, na sura ni miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu upesi kuliko vyote. Mjadala wa picha unaosambaza sura ya mtu aliyepigwa bila ridhaa, hasa mtoto au mgonjwa, umeshakosea kabla neno la kwanza kuhusu mwanga halijasemwa.

Udhaifu wake ni kwamba si kila picha ni ya kumpendeza aliyemo. Picha ya barabara iliyokatika, ya ghala lililovuja au ya foleni ya zahanati ina kazi ya kusema ukweli, na wenye kuonekana vibaya wanaweza kuichukia. Aidha, anayependezwa na sura yake hawezi kumweleza mpiga picha kwa nini nusu ya uso iliungua. Kauli ya aliyepigwa ni ya lazima, ila haitoshi.

Msimamo wa nne: mashindano na idadi ya walioipenda

Wapo wanaotaka hesabu iamue: alama za kupendwa, kura, au nafasi katika shindano. Mashindano yana faida ya kweli pale yanapotoa mada na masharti. Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014, huwaruhusu watu wasio wataalamu kuwasilisha picha kuhusu mada moja kila mwaka, na mwaka 2017 mada ilikuwa watu kazini. Mada humlazimisha mtu afikirie kusudi kabla ya kubonyeza. Lakini matokeo humwambia tu kama ameshinda au ameshindwa, bila kumwambia kwa nini. Alama za kupendwa ni dhaifu zaidi, kwa sababu hupima pia umaarufu wa mtu, saa aliyorusha picha na uzuri wa aliyemo. Hesabu ni kichocheo, si mwalimu.

Msimamo wa tano: uliza kwanza, hukumu baadaye

Njia ya mwisho imetoka kwenye madarasa ya sanaa. Mwaka 1967 Mmarekani Edmund Burke Feldman alipendekeza hatua nne za kuitazama kazi ya sanaa: eleza unachokiona, chambua namna kilivyopangwa, fasiri maana yake, ndipo utoe hukumu. Kuanzia mwaka 1990, Liz Lerman, mwalimu wa ngoma, alitengeneza utaratibu ambao watazamaji husema kwanza kilichowagusa, kisha msanii huuliza anachotaka kujua, kisha watazamaji huuliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake, na mwisho hutoa rai zao kwa idhini ya msanii.

Nguvu yake ni kwamba hukumu huja ikiwa imeshajua kusudi. Pia inaendana na adabu ya Ufipa na ya Tanzania kwa jumla, ambako mdogo hamvamii mkubwa kwa kasoro. Kijana anayesema "Shikamoo mzee, naomba nikuulize kuhusu ile picha ya harusi" amefungua mlango ambao "mzee, picha yako imeungua" ungeufunga. Utani nao humruhusu mtu kusema ukweli kwa kicheko, lakini hufaa pale tu wote waliopo wanapoujua utani huo. Mbele ya wasioujua hugeuka aibu.

Udhaifu wake ni muda na ujuzi. Hatua nne kwa kila picha ni nyingi kwa watu wanaotoka ziwani na uchovu. Anayeanza hajui aulize nini. Na swali linaweza kuwa hukumu iliyovaa nguo nyingine: "Kwa nini ulimkata miguu?" si swali.

Kuipima misimamo

Tukiiweka misimamo yote pamoja, kila mmoja unajibu swali tofauti. Sifa inajibu: atarudi kesho? Kanuni zinajibu: kilichomo kinaonekana? Aliyepigwa anajibu: ametendewa haki? Mashindano yanajibu: picha imesimama wapi mbele ya nyingine? Maswali yanajibu: ilikusudiwa nini? Ugomvi huzuka kila mmoja anapodai kwamba swali lake ndilo pekee. Kipimo cha pamoja kinaweza kujengwa kwa kuyapanga maswali hayo kwa mfuatano mfupi ambao mtu yeyote atakumbuka: kusudi, kilichomo, kilichosaidia na kilichozuia, kisha jambo moja la kujaribu. Haki ya aliyepigwa hukaguliwa kabla ya yote hayo, kwa kuuliza tu kama ameridhia.

Tukijaribu kipimo hicho Wampembe, tuanze na jua. Kijiji kiko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya milima, likawamulika watu wanaoitazama nchi kavu. Jioni huzama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Sasa chukua picha ya jioni ya mvuvi amesimama ziwa likiwa nyuma yake, uso mweusi tii. Sifa itasema "imetulia". Ukali utasema "huoni hata sura". Kipimo kinauliza kusudi kwanza. Kama lilikuwa umbo la mtu na wavu wake mbele ya anga jekundu, picha imefaulu, na jambo la kujaribu ni kumsubiri anyooshe mkono ili umbo lisomeke. Kama lilikuwa sura ya mvuvi, jua limeizuia. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au mgeuze ubavu wake uelekee ziwa, au mngoje asubuhi. Picha ni moja, maoni ni mawili yanayopingana, na yote mawili ni sahihi.

Mfano wa pili ni wa biashara. Mtu anapiga picha ya dagaa chini ya turubai la bluu ili amtumie mnunuzi aliye Sumbawanga au Tunduma. Dagaa wote wanatoka na rangi ya bluu, kama wamechakaa. Mwenzake anamshauri aweke rangi za kung'arisha. Kwa picha ya mapambo ushauri huo ungepita, lakini kusudi hapa ni mnunuzi aone bidhaa ilivyo. Maoni yanayofaa ni kuwatoa dagaa chini ya turubai, awapige picha kwenye kivuli cha ukuta, na aweke karatasi nyeupe kando ili mnunuzi apate pa kulinganishia. Hapo uzuri na uaminifu vimegongana, na kusudi ndilo limeamua.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba hata jicho zuri hudanganyika bila maelezo. Tuseme mtu anatoa picha ya mitumbwi iliyolala ufukweni na vichanja vitupu. Mtazamaji anaweza kuisoma kama picha ya uvivu au ya ziwa lililokwisha samaki. Lakini kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Na hata nje ya kipindi hicho, usiku wa mbalamwezi kali taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Tarehe na mstari mmoja wa maelezo hubadili maana yote. Maoni bora kwa picha hiyo hayahusu lenzi wala fremu. Ni "andika ilipigwa lini".

Wajibu wa anayepokea

Mjadala mwingi humtwika mzigo anayetoa maoni. Anayepokea ana sehemu yake, na pengine ndiyo kubwa. Anayerusha picha bila neno hupata majibu yasiyo na neno. Anayesema "nilitaka uso wake uonekane lakini umekuwa giza, nifanyeje?" amekwisha kuweka kusudi mezani na kufunga mlango wa kejeli. Vilevile asubiri kabla ya kujitetea. Maelezo marefu ya kwa nini picha ilitoka vile huwanyamazisha watu, na mara ijayo watarudi kwenye alama za moyo.

Ajifunze pia kutofautisha kasoro na ladha. "Imetikisika" ni kasoro inayothibitika. "Mimi napenda picha zenye rangi" ni ladha, na ana haki ya kuiacha ipite. Ni busara kukusanya maoni kutoka kwa watu wa aina tatu: aliyemo pichani, mtu mwenye uzoefu, na mtu asiyehusika kabisa. Wakikubaliana watatu, kuna jambo. Wakitofautiana, arudi kwenye kusudi lake.

Mahali pa kutolea maoni ni suala lenye bei pande zote. Hadharani, maoni kwa mmoja huwafundisha wengi, lakini mmoja ndiye anayelipa kwa aibu. Faraghani heshima hulindwa, lakini somo hufa na wawili. Njia inayopunguza hasara ni kusema kilichosaidia mbele ya wote, kasoro kuzisema pembeni, na kuzijadili hadharani pale tu mwenye picha anapoomba. Mzoefu akianza kwa kuziweka mezani picha zake mwenyewe zilizoharibika, wengine huona kwamba kukosolewa hakumshushi mtu.

Muhtasari

Utata kuhusu maoni ya picha umetokana na mabadiliko ya kweli: gharama ya filamu iliyokuwa ikifundisha imeondoka, na maneno yetu yamebaki kuwa mwalimu bila sisi kujiandaa. Sifa humweka mtu kwenye safari lakini haimwonyeshi njia. Kanuni humwonyesha kasoro lakini husahau kusudi, na mara nyingine humlaumu mtu kwa kosa la mashine. Aliyepigwa ana haki ya kusikilizwa kwanza, ila hawezi kufundisha ufundi. Mashindano huchochea bila kueleza. Maswali huleta uelewa, lakini yanadai muda na nia njema.

Tukipima yote, njia ya maswali ndiyo inayobeba nyingine vizuri zaidi, mradi ifupishwe iweze kutumika na watu wenye kazi zao: ameridhia? ilikusudiwa nini? ninaona nini? kimesaidia nini na kimezuia nini? jambo gani moja lijaribiwe? Hasara yake ni dakika chache za ziada. Faida yake ni kwamba mtoaji na mpokeaji wanazungumza juu ya kitu kimoja wanachoweza kukitazama wote wawili, kama washairi walivyoweza kuhesabu mizani.

Hili halihitaji bajeti. Klabu ya shule ya sekondari inaweza kulifanya, vijana wa parokia wanaweza, na kundi la wapiga picha wa harusi wa Namanyere linaweza, kwa kukubaliana tu kwamba hakuna picha itakayosifiwa wala kukosolewa kabla mwenyewe hajasema aliitaka iwe nini. Mwambao wa Tanganyika na nyanda za Ufipa zimepigwa picha kwa zaidi ya karne na macho ya wageni. Wenyeji sasa wanazo kamera mikononi. Wakipeana maoni yenye kipimo, watapata wapiga picha wanaojua kwa nini picha zao zinafaa, na watakaoweza kuwafundisha wanaowafuata.